KITI CHA MIKUMI NI CHA NANI?

Kila uchaguzi unapopita, husikika katika ofisi zetu za Chama, toka tawi hata wilaya, neno moja ambalo twaona imepasa tulikemee. Husemwa kwamba jimbo fulani ni letu, na kwamba jimbo fulani lilipotea nasi tumelirudisha, kana kwamba jimbo ni ng'ombe aliyevunja zizi usiku, akakamatwa porini na kurudishwa kwa mwenyewe. Neno hili husemwa sana juu ya Mikumi, katika wilaya ya Kilosa, ambako Chama kilishindwa mwaka 2015 na kikashinda mwaka 2020. Leo twataka kulitazama jambo hili toka mizizi yake, maana historia ya kura katika Kilosa na Mikumi inayo mafunzo ambayo wanachama wengi, hasa vijana, hawakupata kuyasikia, na ambayo baadhi ya wakubwa wetu wangependa yasahauliwe.

Kilosa ni wilaya ya wafanya kazi na wakulima tangu zamani. Reli ya kati ilipita hapo enzi za Wajerumani, na katika uwanda wa Kimamba na Rudewa yakaenea mashamba ya katani. Baadaye reli ya tawi ikateremka kutoka Kilosa mpaka Mikumi na kufika Kidatu, na huko kusini, chini ya milima ya Vidunda, miwa ikashika mahali pa katani. Wenyeji ni Wasagara, Wakaguru na Wavidunda, lakini kwa kuwa kazi huita watu, wamechanganyika na ndugu zao waliotoka Iringa, Njombe, Mbeya na kwingineko. Mtu akitaka kuomba kura Ruhembe kwa jina la kabila atakuwa amepotea njia.

Watu hao waliokata katani hawakupewa kura kwa urahisi. Wakati wa uchaguzi wa kwanza wa Baraza la Kutunga Sheria, uliofanywa kwa mafungu mawili, Septemba 1958 na Februari 1959, serikali ya Mwingereza ilitia masharti. Mpiga kura alitakiwa awe na elimu ya darasa la nane, au mapato ya paundi 150 kwa mwaka, au awe na cheo kinachotambuliwa na serikali. Tena kila mpiga kura alilazimishwa kuchagua watu watatu kwa pamoja: Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Ni manamba gani wa Kimamba aliyekuwa na paundi 150? Mwenye shamba alipiga kura, karani wake pengine alipiga, lakini yule ambaye mikono yake ilichanwa na miiba ya mkonge alibaki nje akitazama. TANU, katika mkutano wa Tabora wa Januari 1958, ilikubali kuingia katika uchaguzi huo mbovu, na wapo waliokasirika hata wakakihama chama. Leo twajua kwamba Mwalimu Nyerere na wenzake walikuwa na haki: waliingia kwa mlango mwembamba ili waupanue wakiwa ndani.

Mlango ukapanuka upesi. Mwezi Agosti 1960 viti vilikuwa 71, na TANU ikapata 70. Kimoja tu, cha Mbulu, kilikwenda kwa Herman Sarwatt, naye mwenyewe alikuwa mtu wa TANU aliyesimama kumpinga mgombea aliyewekwa na chama. Hapa ndipo twataka msomaji asimame kidogo. Katika viti hivyo 71, viti 58 havikupigiwa kura hata kidogo, kwa sababu mgombea alikuwa mmoja. Nchi nzima ilikuwa ikisherehekea, na ilikuwa na haki kusherehekea, lakini mamilioni ya wananchi hawakuingia katika chumba cha kura. Ushindi ulikuwa mkubwa hata ukameza uchaguzi wenyewe.

Wazee wetu hawakufurahishwa na hali hiyo, na hili ndilo jambo la heshima kubwa katika historia ya Chama chetu. Wangeweza kukaa kitako na kusema kwamba wananchi wametupenda, basi imetosha. Badala yake waliona hatari: mbunge asiyepata kupingwa hana sababu ya kumsikiliza aliyemtuma. Mwaka 1964 ikaundwa Tume chini ya Rashidi Kawawa, ikazunguka nchini kukusanya maoni, na kutokana na taarifa yake tukapata utaratibu wa uchaguzi wa Septemba 1965.

Utaratibu wenyewe ulikuwa hivi. Mkutano wa TANU wa wilaya uliwapigia kura wote waliojitokeza, Halmashauri Kuu ya Taifa ikateua wawili kwa kila jimbo, kisha wawili hao wakapelekwa kwa wananchi wote, mwanachama na asiye mwanachama, waamue. Mmoja alipewa alama ya jembe, mwingine nyumba, ili hata asiyejua kusoma ajue anakotia kura yake. Wagombea walisimama katika jukwaa moja, kwenye mikutano iliyotayarishwa na chama. Hawakuruhusiwa kutumia fedha zao, wala kutaja kabila, dini au rangi ya mtu. Wazee husimulia kwa kicheko jinsi mwenye jembe alivyouliza nani atakula bila jembe, na mwenye nyumba akajibu kwamba hata mwenye jembe, jua likitua, hurudi nyumbani.

Matokeo yalishangaza watu. Paul Bomani, Waziri wa Fedha, mtu mwenye jina kubwa katika harakati za pamba na za uhuru, alishindwa huko Mwanza. Wabunge wengi walipoteza viti vyao. Na jirani ya Kilosa, mjini Morogoro, wananchi walimchagua Amir Jamal, mtu wa asili ya Kiasia, wakaendelea kumrudisha Bungeni kwa miaka mingi. Miaka saba tu kabla ya hapo sheria ya Mwingereza ilidhani kwamba Mwafrika hawezi kumchagua Mwasia mpaka alazimishwe!

Hatusemi kwamba utaratibu ule ulikuwa hauna kasoro. Ulikuwa nazo. Mtu aliyeipinga siasa yenyewe ya chama hakuwa na pa kusimama, na kadiri miaka ilivyokwenda, 1970, 1975, 1980 na kuendelea, ushindani ulikuwa juu ya mtu wala si juu ya jambo. Mwaka 1992 nchi iliamua kurudi katika vyama vingi, na Mwalimu mwenyewe alikuwa mstari wa mbele kuwaambia wana CCM wasiogope. Hatutaki kurudi nyuma. Lakini twauliza: lile jambo jema la 1965, yaani mwananchi wa kawaida kupewa watu wawili wa kweli achague mmoja, tumelitunza wapi?

Sasa tuitazame Mikumi yenyewe katika zama za vyama vingi. Mwaka 2005 alichaguliwa Bw. Clemence Lyamba wa CCM. Mwaka 2010 akachaguliwa Bw. Abdulsalaam Amer, naye wa CCM. Mwaka 2015 Chama kikamsimamisha Bw. Jonas Nkya, na wananchi wakamchagua Bw. Joseph Haule wa Chadema. Mwaka 2020 akaja Bw. Dennis Londo wa CCM. Tazameni vizuri, ndugu wasomaji. Watu watatu waliofuatana, Lyamba, Amer na Haule, kila mmoja alikaa muhula mmoja tu. Kwa miaka kumi na tano Mikumi ilibadili mbunge kila ilipopata nafasi. Wawili kati ya hao walikuwa wetu. Anayesema kwamba Mikumi iliasi mwaka 2015 hajui kuhesabu. Mikumi ilikuwa ikitafuta tangu zamani, na mwaka 2015 ilitafuta nje ya nyumba yetu.

Jimbo jirani la Kilosa lina tabia nyingine. Bw. Mustafa Mkulo alilishika toka 2005 hata 2015, na katika muda huo alikuwa Waziri wa Fedha toka 2008 mpaka alipoachwa katika mabadiliko ya baraza ya Mei 2012. Baada yake akaja Bw. Mbaraka Bawazir, na mwaka 2020 Profesa Palamagamba Kabudi, aliyekwisha kuwa waziri kwa kuteuliwa mbunge na Rais mwaka 2017. Kilosa basi imepata kuwa na wakubwa wa serikali. Je, imepata faida ipi kwa ukubwa huo? Swali hili tunawaachia watu wa Kilosa wenyewe, maana wao ndio waliokaa katika mahema baada ya mto Mkondoa kuvunja kingo zake mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010, maelfu kwa maelfu wakiwa hawana makao, na reli ya kati ikiwa imesombwa.

Tukirudi Mikumi, wengi hupenda kueleza yaliyotokea mwaka 2015 kwa neno moja: muziki. Bw. Haule ndiye Profesa Jay, mwimbaji ajulikanaye kila kijiji, na wimbo wake wa Ndio Mzee, wa mwaka 2001, ulimchora mwanasiasa anayewaahidi watu mambo yasiyowezekana huku umati ukimwitikia. Ni kweli kwamba jina husaidia. Na ni jambo la kuchekesha kidogo kwamba aliyewakejeli waomba kura alikuja kuwa mwomba kura, akapanda majukwaa yale yale na kutoa ahadi kama wengine. Lakini maelezo haya ni ya mtu mvivu. Yavukeni maji ya Ruaha pale Kidatu muone. Ng'ambo ya pili ni Kilombero, na mwaka ule ule wa 2015 Kilombero ilimchagua Bw. Peter Lijualikali wa Chadema, na Mlimba, mbele zaidi, ikamchagua Bi. Susan Kiwanga wa chama hicho hicho. Hao hawakuwa waimbaji. Wakati huo huo majimbo ya Kilosa na Gairo, yaliyo katika ardhi ambayo zamani ilikuwa wilaya moja na Mikumi, yalibaki na CCM. Basi mpaka wa kura haukufuata wilaya, wala haukufuata redio. Ulifuata bonde la miwa.

Hapo ndipo penye kiini cha habari yetu. Viwanda vya sukari vya Kilombero, kimoja upande wa Kidatu na kimoja upande wa Ruhembe, vilikuwa mali ya umma mpaka mwaka 1998 vilipouzwa kwa kampuni ya Illovo ya Afrika Kusini, serikali ikibaki na hisa ya robo. Tangu hapo kilimo cha miwa cha wananchi kimekua sana. Watu waliacha mpunga na mahindi wakapanda miwa, kwa kuwa waliambiwa, na sisi wa Chama tulikuwa miongoni mwa waliowaambia, kwamba miwa ni fedha. Ikawa kweli kwa muda. Kisha mashamba yakazidi uwezo wa mitambo. Mkulima aliyelima, akapalilia na kusubiri, akaona msimu unafungwa na miwa yake imesimama shambani, imekauka au imeungua. Aliyebahatika kuvunwa akaletewa karatasi yenye kipimo cha sukari iliyomo katika miwa yake, kipimo ambacho hakukiona kikipimwa. Vyama vya wakulima vikagawanyika, vingine vikazaliwa kutokana na ugomvi wa viongozi, kila kimoja na mwenyekiti wake na gari lake. Na mkata miwa wa msimu alilala katika chumba cha kukodi, akingojea jina lake liitwe.

Je, katika magomvi hayo mkulima alimwona nani? Hapa hatuna budi kusema kweli, maana sisi tuliolelewa katika shule za misheni tulifundishwa kwamba maungamo huja kabla ya sadaka. Mara nyingi alimwona kiongozi wa Chama amekaa upande wa mwenyekiti mwenye gari. Mwenye fedha za miwa alikuwa ndiye mfadhili wa mikutano yetu, na huyo huyo ndiye aliyelalamikiwa. Chama kilichoasisiwa na watu wasio na paundi 150 kilionekana, kwa macho ya mkata miwa, kuwa chama cha wenye nazo. Hilo halikuanza 2015, wala halikwisha siku Bw. Haule aliposhindwa. Upanuzi mkubwa wa kiwanda uliofanywa miaka ya karibuni, wa kuzidisha sukari karibu mara mbili, ni jambo jema, na wakulima wanayo haki ya kulifurahia. Lakini tusidanganyike kwamba mtambo mpya unamjibu mtu aliyeuliza juu ya mizani.

Tena liko suala la barabara. Njia ya kutoka Dumila, kupitia Rudewa na Kilosa, kwenda Ulaya na kutokea Mikumi, imekuwa katika midomo ya waomba kura kwa miaka mingi. Kipande cha Dumila hadi Rudewa kilitiwa lami kwanza, kile cha Rudewa hadi Kilosa kikafuata baada ya kungoja sana, na kile cha Kilosa mpaka Mikumi kikawa ahadi ya uchaguzi hata uchaguzi. Leo treni ya umeme inapenya katika mahandaki ya Kilosa, nasi tunajivunia kazi hiyo, iliyoanza kubeba abiria mpaka Dodoma mwaka 2024. Lakini mwanamke wa Vidunda anayeteremsha ndizi zake kichwani hapandi treni ya umeme.

Na liko suala la ardhi, lililo zito kuliko yote. Uchaguzi Mkuu wa 2000 ulifanywa Oktoba 29. Siku arobaini baadaye, Desemba 8, watu zaidi ya thelathini, wengi wao wanawake na watoto wa wakulima, waliuawa pale Rudewa Mbuyuni katika mapigano ya wakulima na wafugaji. Twakumbusha tarehe hizo mbili makusudi. Mikutano ya kampeni ilikuwa imepita juu ya jambo hilo bila kuligusa. Kila mtu alijua kwamba mashamba ya katani yaliyoachwa yamegeuka pori lenye hati ya mtu wa mbali, kwamba mkulima amebanwa upande huu na mfugaji upande ule; lakini kulitaja kungepoteza kura za upande mmoja. Basi likaachwa. Baadaye baadhi ya mashamba hayo yalifutiwa hati, na hilo lilikuwa sawa, ingawa kugawa ardhi hiyo kwa haki ni kazi kubwa kuliko kufuta karatasi.

Sasa twarudi kwenye neno "tumelirudisha". Mwaka 2020 Chama kilishinda Mikumi, na karibu kila mahali bara. Chadema ilibaki na kiti kimoja tu cha kuchaguliwa, cha Nkasi Kaskazini. Wapinzani walilalamika sana juu ya mwenendo wa uchaguzi ule, na baadhi ya wagombea wetu walipita bila kupingwa. Mwaka 2025 Chadema haikuwamo kabisa katika karatasi ya kura, kwa kuwa haikutia sahihi kanuni za maadili ya uchaguzi, na siku ya Oktoba 29 ilileta fujo na vifo ambavyo serikali yenyewe iliona lazima iundiwe tume ya uchunguzi. Sisi si mahakama, wala hatutaitangulia tume kwa hukumu. Twasema jambo moja tu linalohusu somo letu: matokeo ya namna hiyo hayawezi kumwambia kiongozi wa Chama kama mkulima wa Ruhembe ameridhika au la. Ni kama mizani ile ile ya kiwandani, inayotoa namba bila mkulima kuiona ikipima. Aliyetaka kujua hali ya Mikumi aliijua mwaka 2015, kwa uchungu. Tangu hapo hatujaletewa habari nyingine.

Basi ikiwa mpinzani wa nje ni dhaifu au hayupo, uchaguzi wenyewe umehamia ndani ya Chama, katika kura za maoni. Je, humo nani anachagua? Mwaka 2010 na 2015 wanachama wote walipiga kura katika matawi yao. Yalikuwapo matatizo, kadi zikigawiwa usiku, watu wakisafirishwa kwa magari, nani asiyejua? Mwaka 2020 kura ikarudishwa kwa wajumbe wa mkutano mkuu wa jimbo, wachache, ambao mtu mwenye mfuko mzito aweza kuwatembelea mmoja mmoja kwa juma moja. Mwaka 2025 idadi ya wapiga kura hao ikaongezwa, nasi tuliunga mkono. Lakini hata ikiongezwa, vikao vya juu bado vina uwezo wa kumwacha aliyeongoza na kumchukua aliyemfuata, na mara nyingi mwanachama haambiwi kwa nini. Mwaka 1965 Halmashauri Kuu nayo ilikuwa na uwezo huo, lakini baada yake walikuwapo wananchi wote wa jimbo, na jembe na nyumba. Leo baada yake hakuna.

Kwa hiyo twapendekeza mambo ambayo hayahitaji kubadilisha Katiba ya nchi. Kura za maoni zipigwe na kila mwanachama mwenye kadi iliyokwisha mwaka mmoja au zaidi, kwa daftari lililobandikwa ukutani mwa tawi mwezi mzima kabla ya siku yenyewe. Hesabu ibandikwe hapo hapo jioni ile. Wagombea wasimame katika jukwaa moja, kwa gharama ya Chama, kama walivyosimama baba zetu, na mtu atakayekutwa akigawa fedha afutwe hata kama yeye ndiye anayelipia mikutano yetu. Kikao cha juu kikimwacha aliyeongoza, kiandike sababu, na sababu hiyo isomwe katika tawi. Huko Mikumi, jukwaa hilo liwekwe Ruhembe wakati wa msimu, jioni, wakata miwa wakiwa wametoka kazini, nao waruhusiwe kuuliza juu ya mizani.

Tunajua watakaosema kwamba tunatoa siri za nyumba barabarani. Nyumba hii ilijengwa barabarani. Uchaguzi wa viongozi wa ndani ya Chama ni mwaka 2027 na ule wa taifa ni 2030, kwa hiyo Halmashauri Kuu inao muda wa kutosha kulizungumza jambo hili katika vikao vyake vya kawaida, na sisi tutaliuliza tena.